Deni la Kujua

Skrini ya kompyuta haifi kama balbu. Balbu hukatika mara moja, ikakuacha gizani, nawe ukajua la kufanya. Skrini hufa kwa mafungu. Leo inachelewa kuwaka kwa sekunde tano, wiki ijayo ishirini, halafu kwa siku tisa mfululizo inawaka vizuri kabisa mpaka unaanza kuhisi umeisingizia. Hitilafu ya namna hii, inayokuja na kuondoka, ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu haikubali kuonyeshwa. Unamwita mtu aje ashuhudie, akifika inawaka kwa heshima zote, kama mtoto mtukutu mbele ya mgeni. Mgeni akishaondoka, giza.

Yangu ni ya inchi 22, ya mtumba, niliyoinunua Kariakoo miaka miwili iliyopita kwa shilingi 120,000. Nyuma ina kibandiko cha namba ya mali chenye maandishi ya Kijerumani, kwa hiyo najua iliwahi kukaa kwenye meza ya ofisi fulani kabla haijapakiwa kwenye kontena. Zaidi ya hapo sijui lolote juu ya maisha yake ya kwanza, na aliyeniuzia naye hakujua. Aliichomeka, ikawaka, akaniambia haina tatizo. Nadhani alisema kweli, au tuseme alisema kweli kadiri ya dakika kumi alizokaa nayo. Hizo dakika kumi nitazirudia.

Kutafuta hitilafu nyumbani, bila vifaa, ni kazi ya kuwaondolea watuhumiwa hatia mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nao wanne: umeme wa nyumba, waya wa picha, kompyuta, na skrini yenyewe. Kanuni ni moja tu, nayo inachosha: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamia soketi nyingine na ukabadilisha waya kwa pamoja, kisha skrini ikawaka, umefurahi lakini hujajifunza kitu. Hujui ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa na kosa, na kesho giza likirudi utaanza upya. Nikahamia soketi nyingine. Hali ileile. Nikaazima waya wa jirani. Hali ileile. Nikabeba kompyuta yangu hadi sebuleni kwake, nikaichomeka kwenye televisheni yao, na sura ya pili ya tasnifu yangu ikatokea kubwa mbele ya watoto waliokuwa wakisubiri katuni. Walinung'unika, na kwa kweli hata mimi ningenung'unika. Lakini kompyuta ilikuwa imeachiwa huru.

Akabaki mmoja. Skrini nzima yenye umeme, ukichomoa waya wa picha, huandika yenyewe ujumbe kwamba haipati picha kutoka popote. Ujumbe huo hautoki kwenye kompyuta, unatoka tumboni mwa skrini, kwa hiyo ni kipimo kizuri na hakigharimu kitu. Nikachomoa. Taa ndogo ya pembeni ilikuwa inawaka, kioo cheusi, hakuna ujumbe. Hapo ndipo watu wengi husema kioo kimekufa na kuitupa. Lipo jaribio moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Nikairudisha kompyuta, nikasubiri usiku, nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye kioo kwa upande, karibu kabisa. Maandishi yangu yalikuwapo. Hafifu, kama yaliyoandikwa kwa maji, lakini yapo, aya kwa aya, hata kishale cha kipanya kilitembea nilipokisogeza.

Skrini za LCD hazitoi mwanga. Kazi ya kioo ni kuzuia mwanga au kuuruhusu upite, nukta kwa nukta. Mwanga wenyewe hutoka kwenye taa zilizo nyuma yake. Katika skrini za zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba yenye zebaki ndani, katika hizi za baadaye ni taa za LED. Kwa hiyo picha inaweza kuwa hai ilhali taa imekufa, na mtumiaji asijue, maana kwake yeye kitu kisichoonekana hakipo. Tochi ya simu iliniambia mambo mawili kwa mpigo: kioo ni kizima, na ugonjwa uko kwenye taa zenyewe au kwenye umeme unaopelekwa kwenye taa.

Sikuifungua mwenyewe. Umeme wetu ni wa volti 230, na ukishageuzwa ndani ya bodi hujikusanya kwenye kapasita moja kubwa ukiwa na volti kama 325, na kapasita hiyo inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kuna ujasiri mzuri na kuna ujasiri wa kijinga. Nikampelekea fundi mmoja mzee anayekaa kando ya barabara chini ya mwavuli. Akaifungua mbele yangu na kunionyesha kwa ncha ya bisibisi: kapasita mbili zilizovimba vichwa kama maandazi. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa. Ndani yake mna maji ya kemikali ambayo joto huyakausha pole pole, na kanuni ya makadirio wanayotumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kitu kilichoundwa kikae kwenye ofisi yenye ubaridi huko Ujerumani, kikiletwa kwenye chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa pili, hicho kimeshaanza safari yake.

Akabadilisha mbili. Pembeni yake ilikuwapo ya tatu, kampuni ileile, umri uleule, kichwa bapa. Hakuwa na saizi yake siku hiyo. Akaigusa kwa kidole, akasema, "Huyu bado." Nikalipa 15,000. Tangu hapo ni miezi miwili na skrini imewaka kila siku bila kuchelewa, isipokuwa asubuhi moja, umeme ulipokuwa umerudi dakika chache kabla, ilipochukua sekunde kama kumi. Inawezekana ilikuwa umeme tu, bado haujatulia. Inawezekana ilikuwa ya tatu.

Basi, skrini nzima, mimi nahitaji nauli ya kwenda uwandani kukusanya data, na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza anatafuta skrini ya kufanyia kazi za kozi yake. Bei niliyoitaja ni 90,000. Swali ni nimwambie nini.

Nilimuuliza fundi siku nilipopita kumsalimia. Hakuona swali. "Mwanangu, inawaka. Unauza kitu kinachowaka." Nikamwambia kuhusu ya tatu. Akacheka. "Ukianza kutaja za ndani, kuna mtu atanunua kitu hapa mjini?"

Jibu lake ni la zamani kuliko anavyodhani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kitabu kumwandikia mwanawe juu ya wajibu, na katika sehemu ya tatu anawagombanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfano mmoja ni wa nyumba. Mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba haina afya, vyumbani huingia nyoka, mbao zake zimeoza. Je, anaiba akinyamaza? Antipater anasema ndiyo: binadamu ni jamii moja, na kumwacha mwenzako aingie kwenye hasara huku unaiona ni sawa na kumpotezea njia msafiri makusudi. Diogenes anajibu kwamba kunyamaza si kuficha. Sheria ikikutaka useme, sema. Isipokutaka, mnunuzi ana macho yake. Ni upuuzi gani, anauliza, kumtuma mpiga mnada atangaze kwamba nyumba inayouzwa ina uvundo?

Cicero anamwunga mkono Antipater, lakini kwa uangalifu ninaoupenda. Hasemi kila ukimya ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako mwenyewe, mtu asijue jambo unalolijua wewe na ambalo lina faida kwake kulijua. Uzito wote uko kwenye kutaka. Ninaweza kunyamaza juu ya kibandiko cha Kijerumani kwa sababu hakina maana yoyote. Sinyamazi juu ya kapasita kwa sababu hiyohiyo. Nikinyamaza juu ya kapasita, nanyamaza kwa sababu nataka 90,000.

Waislamu wanakijua kisa cha Mtume alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye rundo akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hakuna anayemkataza kuuza nafaka iliyolowa. Ina bei yake. Kinachotakiwa ni mpangilio: kilicholowa kije juu.

Na hapa lugha yetu ina la kusema. Neno aibu tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ni fedheha lakini ni kasoro ya kitu pia. Wanasheria wa Kiislamu huita khiyar al-ayb ile haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa aliyoikuta na dosari iliyokuwapo kabla ya kuuziwa. Kiswahili kilipolipokea neno kikaiacha bidhaa sokoni, kikaja nyumbani na fedheha tu. Kwa kasoro tukatumia neno jingine, ambalo kwetu lina maana ya upungufu mtupu. Ndiyo maana tunasema saa mbili kasorobo na hakuna anayeona aibu. Naona faida kubwa katika tofauti hii. Ikiwa dosari ya skrini ni aibu, nitaificha, kama tunavyoficha aibu zote. Ikiwa ni kasoro, ni hesabu: bei kamili, kasoro kitu fulani. Mtu anayesema "inchi 22, kasoro kapasita moja" hajavuliwa nguo.

Bahati mbaya soko halifanyi hesabu hivyo. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala juu ya magari ya mtumba ambayo baadaye ilichangia yeye kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili. Hoja yake kwa ufupi: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati, na bei ya katikati ni hasara kwa mwenye gari zima, basi huyo anaondoka sokoni na mabovu yanabaki. Hii si nadharia tu kwa mtu aliyewahi kununua simu ya mtumba. Yule kijana anaponiambia 90,000 ni nyingi, haitazami skrini yangu; anatazama skrini zote mbovu ambazo rafiki zake waliwahi kuuziwa na watu walioapa hazina tatizo. Bei anayoitaja imeshakatwa kwa ajili ya kasoro ambazo hajaziona.

Kwa hiyo kuna hoja ya kunyamaza ambayo ni bora kuliko ya Diogenes, na sijaikuta ikijibiwa vizuri. Kama bei ya mtumba tayari imepunguzwa kwa sababu kila mtu anadhania kasoro, basi mimi nikitaja kasoro yangu nakatwa mara mbili: mara ya kwanza kwa shaka ya jumla, mara ya pili kwa ukweli wangu mahususi. Aliyenyamaza anakatwa mara moja. Ukweli unatozwa kodi ambayo uongo hautozwi. Na kodi hiyo hailipwi na matajiri, maana matajiri hawauzi skrini zao kupata nauli.

Nimeigeuza hoja hii siku kadhaa. Jibu nililonalo ni kwamba ile punguzo ya jumla inawahusu wauzaji wote kwa pamoja, na yeye hanunui kwa wauzaji wote. Ananunua kitu kimoja, kutoka kwa mtu mmoja anayejua habari zake. Lakini jibu hilo halinirudishii pesa, na sidhani mtu ana haki ya kuhubiri uaminifu bila kutaja gharama yake kwa shilingi.

Lipo jambo linalonikera kuliko hilo. Kwenye soko la vifaa vya mtumba, sifa kubwa kuliko zote ni kwamba kitu hakijawahi kufunguliwa. Simu "haijafunguliwa", kompyuta "haijaguswa na fundi". Fikiri maana yake. Chukua skrini mbili za aina moja, zilizotoka kwenye ofisi moja kwa kontena moja. Moja ina kapasita mbili mpya na moja iliyopimwa kwa jicho la fundi. Nyingine ina zote tatu za zamani, zilizokaa kwenye joto lilelile, na hakuna anayejua kama vichwa vyake ni bapa. Ya pili itauzwa kwa bei kubwa zaidi, na muuzaji wake atalala usingizi wa mtu mwema, kwa sababu hajui lolote. Ya kwanza ndiyo itakayodumu, na ndiyo yenye muuzaji asiyelala.

Hiki ndicho ninachokiita deni la kujua. Kabla sijahamia soketi nyingine, kabla ya tochi, nilikuwa sidaiwi kitu. Ningeweza kuiuza siku moja kati ya zile tisa ilipokuwa inawaka, nikasema "wakati mwingine inachelewa kidogo", na nikawa mkweli. Kila hatua niliyopiga kuelekea kwenye ukweli iliniongezea mambo ya kusema. Aliyeniuzia alikuwa huru kwa sababu ya dakika zake kumi. Aliyemuuzia yeye alikuwa na kontena zima, labda hakuichomeka kabisa. Ofisi iliyoitoa huenda iliitoa kwa sababu tu mwaka wake ulifika. Mnyororo mzima kutoka Ujerumani hadi Kariakoo hauna mwongo hata mmoja, na bado mwisho wake anasimama mtu aliye gizani. Kutojua ni bidhaa inayosafirishwa pamoja na bidhaa.

Tangu mwaka 1989 kuna Mkataba wa Basel unaosimamia taka hatari zinazovuka mipaka, na tangu Januari 2025 taka zote za vifaa vya umeme na elektroniki, zilizo hatari na zisizo hatari, zinatakiwa kupata idhini ya nchi inayozipokea kabla hazijasafirishwa. Ni jambo zuri. Lakini kati ya taka na kifaa cha mtumba kuna swali moja tu, kinafanya kazi au hakifanyi, na swali hilo linajibiwa na mtu mwenye haraka, kwa swichi, kwa sekunde chache. Skrini yangu ingefaulu mtihani huo hata katika wiki yake mbaya kuliko zote, mradi isimamiwe siku nzuri.

Tuna methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimekua nikiipenda, lakini inadhania kwamba ubora unaonekana kwa macho ya mpita njia. Inafaa kwa embe. Kitu chenye hitilafu inayokuja na kuondoka kinajiuza vizuri sana kwa dakika kumi.

Sheria hainisaidii, na sitaki kukaa hapo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa imejengwa juu ya ile ya Kiingereza ya mwaka 1893, na ulinzi wake juu ya ubora unamwelekea zaidi anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza skrini yake moja anaachwa kwa sehemu kubwa na kanuni kwamba mnunuzi ajihadhari, mradi asiseme uongo. Diogenes angeridhika.

Niliyemkuta wa msaada zaidi, kwa mshangao wangu, ni Thomas Aquinas. Yeye anagawa. Kasoro iliyofichika ambayo itamletea mnunuzi madhara au hasara, muuzaji lazima aitaje. Ile iliyo wazi kwa macho hana lazima ya kuitangaza, mradi bei ameipunguza inavyostahili. Mgawanyo huu unaonyesha kwamba wajibu wa kusema hauningojei pale nilipo na habari nyingi, unaningojea pale mwenzangu hawezi kuona. Mkwaruzo kwenye fremu anauona. Vumbi analiona. Kapasita ya tatu iko nyuma ya skrubu kumi na mbili na volti 325.

Lakini Aquinas anazungumza juu ya kasoro, na mimi sina hakika kama ninayo. Nina kapasita iliyo bapa, yenye umri mkubwa. Nina asubuhi moja ya sekunde kumi. Je, shaka nayo ni bidhaa ya kuwekwa juu ya rundo? Ukitaja kila shaka, hutauza hata sufuria. Na kuna namna ya kutaja shaka ambayo ni ya kujisafisha tu: unammwagia mtu yote unayoyajua na usiyoyajua ili siku ikiharibika useme nilikwambia. Hiyo inamhudumia muuzaji. Mnunuzi anaondoka na hofu badala ya habari.

Kazi ya kutafuta hitilafu imenifundisha kutenganisha nilichoona na ninachodhani. Niliona mbili zimevimba, zikabadilishwa. Niliona ya tatu haijavimba. Niliona inachelewa mara moja, umeme uliporudi. Hayo naweza kuyasema kwa dakika mbili bila kuapa. Ila kwa mtu asiyejua kapasita ni nini, orodha hii ni nafaka iliyolowa iliyowekwa juu usiku. Ipo, lakini haonekani anayeiona. Lazima niongeze ninachodhani, na namna ya wazi kuliko zote ya kusema unachodhani juu ya kitu ni kutaja bei ambayo wewe mwenyewe ungekinunua. Nilijiuliza hilo kwa dhati. Mimi, nikijua ninayoyajua, ningetoa 70,000.

Na kuna jambo Antipater hakulisema, labda kwa sababu nyoka wa nyumba yake hawakuwa na dawa. Habari ya kasoro ina faida kwa anayebaki na kitu. Kijana akijua kwamba ugonjwa wa skrini hii uko kwenye bodi ya umeme, siku ikianza kuchelewa hatamlipa mtu ambadilishie kioo, wala hataitupa. Atazima taa, atawasha tochi, ataona kazi yake bado ipo, na atatafuta kapasita ya elfu chache. Tena atafaidi: hakuna atakayemdanganya kwamba kioo kimekufa. Kwa maana hiyo historia ya skrini ni kiungo chake, kama waya wa umeme na stendi. Nikiiuza bila historia nimeiuza pungufu.

Alikuja Jumamosi na rafiki yake. "Shikamoo, dada," akasema, ingawa tumepishana miaka mitano tu. Nikaichomeka, ikawaka papo hapo, bila shaka. Nikawaambia waketi, nikawasimulia: sekunde tano, sekunde ishirini, siku tisa, tochi, mbili zilizovimba, ya tatu, asubuhi ile moja. Nikazima taa ya nyuma kwa kushusha mwanga hadi chini kabisa, nikamwonyesha jinsi ya kushika simu kwa upande. Rafiki yake alikuwa na wasiwasi tangu neno "fundi" na akamvuta pembeni mlangoni. Nilisikia "imefunguliwa hiyo". Wakarudi. Kijana akasema ana 60,000. Nikasema 70,000, na nikamwambia kwa nini 70,000. Akakaa kimya akiitazama skrini, si mimi, kisha akauliza ile kapasita ya tatu ni saizi gani. Nilikuwa nimeipiga picha. Tukaiandika kwenye karatasi, elfu moja kwa volti 25, na tarehe ambayo zile nyingine zilibadilishwa, tukaibandika kwa gundi ya karatasi nyuma, chini ya kibandiko cha Kijerumani. Alitoa 65,000 taslimu na akasema tano iliyobaki atatuma kwenye simu mwisho wa mwezi.

Tulipokuwa tunaifunga kwenye shuka, rafiki yake akaiwasha tena mara ya mwisho, akainamia kona ya chini kulia, akauliza hiyo nukta moja ya kijani ni ya nini. Niliinama nikaangalia. Miaka miwili sikuwahi kuiona.